Utafiti wa Ukimwi Migori na Homa Bay: Ni nani atakayelipia ofisi?

TANGAZO lililotolewa nchini Marekani tarehe 1 Mei, 2025 halikutaja Migori wala Homa Bay. Lilieleza kwamba Taasisi za Kitaifa za Afya za nchi hiyo (NIH) zimesitisha kutoa ufadhili mpya wa aina ambayo chuo kikuu cha Marekani hupokea fedha, kisha kumegea mshirika wake wa ng’ambo fungu lake. Usitishaji huo ungeendelea hadi uwekwe utaratibu mwingine wa kufuatilia fedha hizo.

Hata hivyo, kaunti hizo mbili zilizo kandokando ya Ziwa Victoria zilikuwa na kila sababu ya kulisoma tangazo hilo kwa makini. Njia iliyofungwa ndiyo ile ile ambayo kwayo sehemu kubwa ya fedha za utafiti wa Ukimwi ilikuwa imezifikia kwa takriban miaka 20.

Mjadala uliofuata ulihusu zaidi dawa, chanjo na maabara. Ni wachache waliouliza kuhusu watu ambao wagonjwa hawawaoni: mhasibu, karani wa vibali, msimamizi wa ununuzi, mtunza data na dereva anayebeba sampuli za damu. Hao ndio wanaouwezesha utafiti kusimama, na katika mfumo uliokuwapo, mamlaka ya kuamua idadi yao na mishahara yao yalikuwa ng’ambo. Hapo ndipo penye udhaifu ambao mwaka wa 2025 uliufichua.

Kwanza, ni vyema kukumbuka kwa nini watafiti walikita kambi huku. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka wa 2018 kuhusu maambukizi, uliojulikana kama KENPHIA, ulionyesha kuwa asilimia 4.9 ya watu wazima nchini walikuwa wakiishi na virusi vya HIV. Katika Kaunti ya Homa Bay kiwango hicho kilikuwa asilimia 19.6, na Migori kilikuwa takriban asilimia 13. Kwa mujibu wa sensa ya 2019, kila mojawapo ya kaunti hizi ina zaidi ya watu milioni 1.1. Hizo ni familia nyingi mno zilizoguswa na maradhi haya.

Itakumbukwa pia kwamba hospitali ya Homa Bay ni miongoni mwa hospitali za kwanza za umma nchini kutoa bila malipo dawa za kupunguza makali ya Ukimwi. Shirika la Madaktari Wasio na Mipaka (MSF) lilianza kuzitoa hapo mwaka wa 2001, wakati ambapo Wakenya wengi walikuwa wakizisikia dawa hizo redioni tu.

Miaka mitatu baadaye, mwaka wa 2004, Taasisi ya Utafiti wa Kimatibabu nchini (KEMRI) na Chuo Kikuu cha California, San Francisco, zilianzisha mpango wa matibabu uliofahamika kwa ufupi kama FACES. Ulienea katika uliokuwa Mkoa wa Nyanza, ukifika Migori, Rongo na Suba. Juu ya msingi huo wa zahanati na wagonjwa, tafiti zikaanza kujengwa moja baada ya nyingine.

Miradi mingi, ofisi moja

Mfano wa kwanza ni utafiti uliofanywa Migori kati ya 2007 na 2009 kuhusu akina mama wajawazito na unyanyapaa wa Ukimwi, ambao ulihusisha zaidi ya wanawake 1,700. Ulibainisha kwamba mwanamke anayehofia kunyanyapaliwa ana uwezekano mdogo zaidi wa kwenda kujifungulia katika kituo cha afya.

Wa pili ni ule ulioitwa Shamba Maisha. Baada ya majaribio ya awali katika eneo la Migori na Rongo, ulipanuliwa kuanzia 2016 hadi vituo 16 vya afya katika kaunti za Kisumu, Homa Bay na Migori. Watu wanaoishi na virusi walipewa mkopo, wakanunua pampu ya maji inayoendeshwa kwa nguvu za mwili pamoja na pembejeo, na wakafunzwa kilimo na utunzaji wa fedha. Matokeo yaliyochapishwa mwaka wa 2022 yalionyesha kwamba njaa ilipungua katika familia hizo, ingawa kiwango cha virusi mwilini hakikutofautiana na cha wale ambao hawakuwa wamepata msaada huo.

Wa tatu, ulio mkubwa kuliko yote, ni SEARCH. Ulianza mwaka wa 2013 katika jamii 32, ambapo 20 zilikuwa Uganda na 12 magharibi mwa Kenya. Miongoni mwa zile za Kenya zilikuwamo Sena katika kisiwa cha Mfangano, Tom Mboya katika kisiwa cha Rusinga, na Magunga upande wa Suba. Kila jamii ilikuwa na takriban watu 10,000. Watafiti walihesabu watu nyumba kwa nyumba, kisha wakaandaa kambi za afya ambapo Ukimwi ulipimwa sambamba na maradhi mengine kama vile shinikizo la damu na kisukari.

Takriban watu tisa kati ya kila kumi wazima walipimwa virusi katika awamu ya kwanza. Ripoti iliyochapishwa Julai 2019 ilisema kwamba baada ya miaka mitatu, asilimia 79 ya waliokuwa na virusi katika vijiji vilivyopewa huduma kamili walikuwa wamevidhibiti, ikilinganishwa na asilimia 68 katika vile vingine. Maambukizi mapya hayakutofautiana sana baina ya pande hizo mbili, jambo ambalo watafiti walilikiri waziwazi.

Hizi ni tafiti tatu tu. Anayezitazama kwa mbali huona maswali matatu tofauti ya kisayansi. Anayezitazama kwa karibu huona kuwa zote zilihitaji mambo yale yale: magari, jokofu, wafanyakazi wa nyanjani, vibali, fedha za nauli, leja na kumbukumbu zisizopotea.

Ndiyo maana taasisi kubwa za utafiti hupendelea kuiweka miradi kadhaa chini ya mwavuli mmoja, wenye kitengo kimoja cha usimamizi. Kitengo hicho huajiri, hununua, hulipa, huandaa mikutano ya viongozi wa miradi, huandika ripoti kwa mfadhili na kuhakikisha kwamba mradi mmoja haumalizi petroli ya mwingine. Mradi unapokwisha, ofisi hubaki ikihudumia unaofuata, nao ujuzi haupotei.

Tazama Shamba Maisha kwa mfano. Kwa daktari, huo ulikuwa utafiti wa chakula na virusi. Kwa mhasibu, ulikuwa mkataba na taasisi ya mikopo, orodha ya pampu, orodha ya wakulima, marejesho ya mikopo, posho za wakufunzi wa kilimo na gharama za maabara, yote katika hesabu moja ambayo mkaguzi angeweza kuiitisha wakati wowote. Iwapo pampu zingechelewa hadi msimu wa kupanda upite, hakuna hesabu ya kitakwimu ambayo ingeurudisha msimu huo.

Safari ya karatasi

Msomaji asiyeujua utafiti wa tiba kwa karibu huenda akauliza: je, ni karatasi gani hizo zinazohitaji ofisi nzima?

Kabla tone moja la damu halijatolewa Nyatike au Ndhiwa, pendekezo la utafiti unaosimamiwa na KEMRI hupitia kitengo cha taasisi hiyo kinachopima sayansi na maadili. Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya mwaka wa 2013 inadai leseni ya NACOSTI. Ikiwa dawa inajaribiwa, Bodi ya Dawa na Sumu nayo sharti iidhinishe. Kwa kuwa huduma za afya ziligatuliwa mwaka wa 2013, idara ya afya ya kaunti husika hutakiwa kuarifiwa na kukubali.

Mshirika wa Marekani naye ana kamati yake ya maadili. Utafiti ukivuka mpaka kama SEARCH ulivyofanya, huongezeka kamati ya Chuo Kikuu cha Makerere na Baraza la Kitaifa la Sayansi na Teknolojia la Uganda. Vibali vya kamati za maadili huwa na muda, na hulazimu kuombwa upya kabla havijaisha. Kibali kimoja kikichelewa, kazi katika eneo lake husimama, hata kama wauguzi wamekwisha kulipwa mshahara wa mwezi huo.

Fomu ya idhini ambayo mgonjwa hutia saini, au alama ya kidole gumba kama hajui kuandika, lazima iwe katika lugha anayoielewa. Katika Migori, hiyo yaweza kuwa Kijaluo, Kiswahili au Kikuria. Sentensi moja ikibadilishwa katika fomu ya Kiingereza, tafsiri zote hubadilishwa, hupelekwa tena kwa kamati, kisha toleo la zamani huondolewa katika kila kituo. Mgonjwa akitia saini toleo lililopitwa na wakati, hilo huhesabiwa kuwa ukiukaji wa kanuni na huripotiwa.

Tangu 2019 kuna pia Sheria ya Kulinda Data, ambayo inazihesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti. Anayehifadhi jina la mtu pamoja na hali yake ya Ukimwi ana wajibu wa kisheria wa kuzilinda, na wajibu huo hauishi kwa sababu ufadhili umekwisha.

Isitoshe, kalenda zenyewe hazipatani. Mwaka wa fedha wa serikali ya Kenya huanza Julai 1, wa serikali ya Marekani huanza Oktoba 1, nao mwaka wa mradi huanza siku ile ufadhili ulipotolewa. KEMRI, kama shirika la umma, hufuata sheria ya ununuzi wa umma ya mwaka wa 2015, ilhali mfadhili ana masharti yake. Mtu mmoja huketi katikati akiyapatanisha hayo yote.

Kuna pia suala la sarafu. Januari 2024 dola moja ilikuwa ikiuzwa kwa takriban Sh160. Kufikia nusu ya pili ya mwaka huo, ilikuwa imeshuka hadi karibu Sh129. Wakenya wengi walifurahia shilingi kupata nguvu, na walikuwa na haki. Lakini kwa mradi uliopangiwa dola 100,000, fedha zilizokuwa Sh16 milioni ziligeuka kuwa Sh12.9 milioni, huku mishahara na kodi za nyumba zikibaki zilivyokuwa kwa shilingi. Pengo hilo la Sh3.1 milioni halikutokana na wizi wala uzembe. Hata hivyo, lilihitaji mtu wa kuliona mapema na kupanga upya.

Nane kwa mia

Sasa tugeukie swali la nani hulipia kazi hiyo.

Wafadhili hugawanya gharama katika mafungu mawili. La kwanza ni gharama za moja kwa moja: mshahara wa muuguzi, vifaa vya kupimia, nauli ya mshiriki. La pili ni gharama za kuiendesha taasisi yenyewe: umeme, uhasibu, ukaguzi, ulinzi, wanasheria, ofisi ya ajira. Fungu hili la pili ndilo linaloijenga ofisi.

Kwa miaka mingi, kanuni za NIH ziliweka kiwango cha fungu hilo kwa taasisi zilizo nje ya Marekani kuwa asilimia 8 ya gharama husika. Vyuo vikuu vikubwa vya Marekani, ambavyo hujadiliana na serikali yao kuhusu viwango, vilikuwa vikipata zaidi ya asilimia 50.

Februari 2025 serikali ya Rais Donald Trump ilipotangaza kwamba vyuo vyote vya huko vitalipwa asilimia 15 tu, vilikimbilia mahakamani. Vilidai kwamba kwa kiwango hicho maabara zingefungwa na utafiti ungeporomoka, na mahakama ikazuia hatua hiyo. Hakuna aliyesikika katika mabishano hayo akiuliza jinsi taasisi za Afrika zilivyokuwa zikiishi kwa nusu ya kile ambacho Wamarekani walikiita kifo.

Haki inadai ielezwe kwamba viwango hivyo viwili havilingani kwa kila hali. Majengo ya maabara nchini Marekani ni ghali, na kanuni ziliruhusu taasisi za ng’ambo kuingiza baadhi ya makarani na wahasibu wa mradi katika gharama za moja kwa moja. Hivyo fedha za usimamizi zilipatikana kwa mlango mwingine.

Lakini mlango huo ulikuwa na kasoro yake. Mhasibu aliyeajiriwa kwa fedha za mradi huondoka mradi unapofungwa. Mkataba wake ni wa mwaka mmoja au miwili. Amejifunza kanuni za wafadhili, amejua ni afisa yupi wa kaunti hushughulikia barua za utafiti, amejua ni kipindi gani barabara ya kwenda kituo fulani haipitiki kwa mvua. Siku anapofungasha virago, ujuzi huo huondoka naye, na mradi ujao huanza kumfunza mwingine tangu mwanzo.

Kwa namna hiyo, miaka 20 ya utafiti imezalisha nchini wanasayansi wanaotambulika duniani, baadhi yao wakiwa viongozi wenza wa tafiti hizi hizi. Ofisi ya kudumu ya kuwahudumia haikukua kwa kasi hiyo. Makao makuu ya usimamizi yalibaki kule fedha zilikotoka.

Lawama zenye msingi

Wapo watakaosema kwamba Kenya haihitaji ofisi zaidi. Wananchi wa Nyanza wameyaona magari makubwa yenye nembo za miradi yakipita kwa kasi huku zahanati ya kijiji ikikosa dawa za maumivu. Wameona semina zikiandaliwa hotelini juma baada ya juma. Wamehojiwa, wamepimwa, wameahidiwa kwamba watarudishiwa matokeo, na wengine wangali wanangoja.

Lawama hizo hazipaswi kupuuzwa. Fedha za usimamizi ni rahisi kutumiwa vibaya kwa sababu hazionekani kwa macho ya mgonjwa. Dawa ikikosekana mgonjwa hulalamika, lakini ripoti ya ukaguzi ikikosekana ni nani atakayelalamika?

Ila tiba ya usimamizi mbovu ni usimamizi mwema unaowajibika. Hizo ahadi za kurudisha matokeo vijijini zinakwama mara nyingi kwa sababu hakuna aliyetengewa fedha na wakati wa kuzitimiza baada ya ripoti ya mwisho kutumwa ng’ambo. Kuandaa baraza kwa chifu, kuandika muhtasari kwa Kijaluo, kujibu maswali ya wazee na ya akina mama, hizo zote ni kazi za ofisi. Ofisi ikivunjwa mapema, wanaokosa ni wanakijiji.

Mafunzo ya Nairobi na Kampala

Bara la Afrika limekwisha kujaribu kuuhamishia usimamizi huu nyumbani, na matokeo yamekuwa mchanganyiko.

Mwaka wa 2015 Chuo cha Sayansi cha Afrika (AAS), chenye makao yake jijini Nairobi, kilizindua kitengo cha AESA ili fedha za wafadhili wakubwa zigawanywe na kusimamiwa na Waafrika wenyewe. Kilisifiwa kote kama mwanzo mpya. Mwaka wa 2021, baada ya mvutano kuhusu usimamizi na uongozi, wafadhili wakuu waliondoa fedha zao na programu hizo zikahamishiwa wakfu mpya wa Science for Africa Foundation, nao ukiwa Nairobi. Fedha zilibaki barani, lakini somo lilikuwa chungu: nia njema haitoshi ikiwa mifumo ya utawala haijakomaa.

Upande wa pili kuna Uganda. Kazi ya SEARCH nchini humo ilisimamiwa na shirika la Kiuganda lenye makao yake Kampala, Infectious Diseases Research Collaboration, ambalo limekuwa likiendesha tafiti za malaria na za Ukimwi kwa miaka mingi likishirikiana na Makerere na chuo hicho hicho cha San Francisco. Kwa kuwa na miradi mingi ya maradhi tofauti chini ya paa moja, shirika la namna hiyo laweza kumhamisha mhasibu au mtunza data kutoka mradi unaokwisha hadi unaoanza, badala ya kumwachisha kazi.

Mifano hii miwili inaafikiana katika jambo moja. Uwezo wa usimamizi hujengwa pole kwa pole, na huhitaji fedha zisizofungamanishwa na uhai wa mradi mmoja.

Mzigo wenye fursa

Mwaka wa 2025 uliondoa nafasi ya kusitasita. Januari 20 serikali mpya ya Marekani ilisimamisha misaada ya nje kwa siku 90, na majaribio kadhaa ya kimatibabu yaliyofadhiliwa na shirika la USAID yakasimama ghafla katika nchi mbalimbali, mengine washiriki wakiwa tayari wamepewa dawa au vifaa vilivyokuwa vikijaribiwa. Kufikia Julai 1, USAID yenyewe ilikuwa imefungwa. Katikati ya hayo ndipo lilipotoka lile tangazo la NIH.

Desemba 4 mwaka huo, Kenya na Marekani zilitia saini mkataba wa afya wa miaka mitano. Marekani iliahidi hadi dola bilioni 1.6, nayo Kenya ikaahidi kuongeza matumizi yake yenyewe kwa dola milioni 850. Mkataba huo unaelekeza fedha kwa serikali badala ya mashirika yasiyo ya kiserikali. Siku chache tu baadaye, Mahakama Kuu ilisimamisha sehemu inayohusu kupeana data za afya za Wakenya. Swali la nani anatunza kumbukumbu za mgonjwa, lililokuwa la makarani, likawa la majaji.

Mwelekeo ni mmoja katika huduma na katika utafiti. Katika mfumo ambao NIH ilitangaza kuchukua nafasi ya ule wa zamani, mshirika wa ng’ambo hupewa ufadhili wake mwenyewe, wenye nambari yake, uliounganishwa na ule mkuu wa Marekani. Kwa maneno mengine, taasisi ya Kenya huomba, hupokea, huripoti na kukaguliwa moja kwa moja.

Kwa wale waliolalamika kwa miaka mingi kwamba Waafrika hufanya kazi ilhali wengine hushika mkoba, hii ni fursa. Lakini anayeshika mkoba sharti awe na pa kuuweka. Taasisi isiyo na wahasibu wanaozijua kanuni za mfadhili, isiyo na mwanasheria wa kusoma mkataba, isiyo na akiba ya kulipa mishahara fedha zinapochelewa kwa miezi miwili, itaikosa fursa hiyo au itaipata na kuaibika katika ukaguzi wa kwanza. Taasisi kubwa za Nairobi huenda zikajimudu. Hatari ni kwamba vituo vya Migori na Homa Bay vitarudi kuwa mahali pa kuchotea sampuli tu.

Sheria ya 2013 inasema serikali itenge asilimia 2 ya pato la taifa kila mwaka kwa ajili ya utafiti, na iliunda Hazina ya Kitaifa ya Utafiti kwa madhumuni hayo. Kiwango hicho hakijawahi kufikiwa. Si uhalisia kutarajia kwamba kitafikiwa kesho kutwa, wakati ambapo serikali inakabwa na madeni. Lakini si lazima Kenya igharimie tafiti zote ndipo iwe na sauti. Inaweza kuanza na kile ambacho wafadhili wamekuwa wakikwepa kulipia: ofisi ya kudumu.

Sehemu ndogo ya fedha za hazina hiyo ingeweza kutengwa kwa ajili ya vitengo vya usimamizi vya kikanda, kimoja kikihudumia kaunti za ziwani. Kitengo hicho kiwe na watumishi wa kudumu, hesabu zilizo wazi, na ada inayojulikana ambayo kila mradi utalipa. Serikali za kaunti, ambazo kwa sasa hupokea barua za watafiti na kuzipiga muhuri, zingekuwa na mahali pa kuuliza ni tafiti ngapi zinaendelea katika zahanati zao, zinahusu nini, na zitarudisha matokeo lini.

Wafanyakazi si vigumu kuwapata. Chuo Kikuu cha Rongo kiko Migori, na Chuo Kikuu cha Tom Mboya kiko Homa Bay. Vyote viwili vingeweza kufunza vijana kazi ya usimamizi wa utafiti kama taaluma kamili: uhasibu wa ufadhili, maadili, sheria ya data, utunzaji wa kumbukumbu. Wako pia makarani na wahasibu walioifanya kazi hiyo kwa miaka mingi na ambao mikataba yao ilikatika. Wengi wangali wanaishi Rongo, Mbita na Migori mjini, na ujuzi wao bado haujachuja.

KEMRI nayo, ambayo iliundwa kisheria mwaka wa 1979 na imeshirikiana na karibu kila mfadhili mkubwa wa afya duniani, inapaswa kudai katika kila mkataba mpya kwamba gharama halisi za usimamizi zilipwe. Iwapo chuo cha Marekani huweza kwenda mahakamani kutetea asilimia 50, taasisi ya Kenya haipaswi kuona haya kuomba zaidi ya 8.

Yote haya yana maana kwa sababu ya ile fomu ya idhini. Mwanamke wa Nyatike au mvuvi wa Mfangano anapoweka alama ya kidole gumba chini ya maelezo aliyosomewa, anaahidiwa mambo matatu: kwamba siri yake italindwa, kwamba akidhurika atahudumiwa, na kwamba anaweza kuuliza swali na kujibiwa. Fomu hiyo humpa nambari ya simu ya kupiga.

Ahadi hiyo hufanywa na daktari, lakini hutekelezwa na ofisi. Serikali ya kitaifa na za kaunti zinapojadili fedha zitatoka wapi baada ya wahisani, swali moja litapima uzito wa majibu yao: mradi ukishafungwa, mshiriki akiipiga nambari hiyo, nani atapokea?